Joe Cino, mwenye mkahawa aliyewapa wapenzi wa jinsia moja jukwaa wakati sheria ilikataza

Kuanzia mwaka 1927, jimbo la New York nchini Marekani lilikuwa na sheria iliyoruhusu serikali kutia kufuli mlango wa teatri kwa muda wa mwaka mzima, kama ndani yake kumeigizwa habari za wapenzi wa jinsia moja. Sheria hiyo iliondolewa mwaka 1967. Katika miaka yake ya mwisho, ndani ya chumba kimoja chembamba katika mtaa wa Greenwich Village, kati ya mashine ya kahawa na meza ndogo ndogo, habari hizohizo zilikuwa zikiigizwa bila kujificha. Mwenye chumba hicho aliitwa Joe Cino. Aliaga dunia tarehe 2 mwezi wa nne mwaka huohuo wa 1967, akiwa na umri wa miaka 35.

Hakuacha mchezo hata mmoja aliouandika. Hakuwa mwigizaji mwenye jina, hakuwa tajiri, na alipofungua mkahawa wake hakuwa na nia ya kuufanya teatri. Lakini wataalamu wengi wa historia ya teatri ya Marekani wanamtaja yeye kwanza wanapoeleza mwanzo wa kile kinachoitwa Off-Off-Broadway, yaani zile teatri ndogo za pembeni zinazoonyesha kazi mpya bila kungoja baraka za matajiri wa Broadway. Na wanapoeleza mwanzo wa michezo ya kuigiza iliyoandikwa na wapenzi wa jinsia moja kuhusu maisha yao wenyewe, wanarudi tena kwenye mlango uleule, namba 31 ya barabara ya Cornelia.

Kutoka Buffalo bila dansi

Joseph Cino alizaliwa tarehe 16 mwezi wa kumi na moja mwaka 1931 mjini Buffalo, karibu na mpaka wa Kanada, katika familia ya wafanyakazi wenye asili ya Sicily, kile kisiwa cha kusini mwa Italia. Buffalo ni mji wa viwanda na wa theluji nyingi. Mwaka 1948, akiwa na miaka 16 tu, aliuacha na kwenda New York. Alitaka kuwa mcheza dansi.

Alisomea dansi kwa miaka miwili katika shule ya Henry Street Playhouse, na mwaka 1953 akapata nafasi ya kulipiwa masomo Jacob's Pillow, katika jimbo la Massachusetts, mahali ambapo wacheza dansi wa Marekani hukusanyika kila majira ya joto. Kwa kijana asiye na mtu mkubwa wa kumsaidia, hiyo haikuwa hatua ndogo. Lakini mwili wake ulikuwa mnene, na katika dansi za wakati ule jambo hilo halikusamehewa. Pole pole aliona kwamba mlango unafungwa. Akarudi kwenye kazi za kawaida za kutafuta chakula, kati yake kazi ya karani wa kupiga mashine katika kampuni moja ya mashine za kufulia nguo.

Kwa miaka kadhaa alikuwa akiongea na marafiki juu ya kufungua mahali padogo pa kunywea kahawa, ambapo wachoraji wangetundika picha zao na washairi wangesoma. Mwishoni mwa mwaka 1958 alikuwa na akiba ya dola kama 400. Inasimuliwa kwamba alipofika barabara ya Cornelia kutafuta chumba cha kupanga, mama mwenye nyumba, Muitalia kama yeye, alimhoji kutoka dirishani. Aliposikia jina la Cino na asili ya Sicily, akaridhika na kumtupia ufunguo. Mkahawa ukafunguliwa mwezi wa kumi na mbili mwaka huo. Aliuita Caffe Cino.

Akiba ya dola 400 haiwezi kumlisha mtu na kulipa nyumba. Hivyo kwa muda mrefu Cino aliendelea na kazi ya ukarani mchana, kisha usiku akasimama nyuma ya mashine ya kahawa hadi saa za manane. Atakayetaka kuelewa jinsi alivyochoka mwishoni asisahau jambo hilo.

Jukwaa la mita mbili na nusu

Mwanzoni kulikuwa na picha ukutani na mashairi yaliyosomwa kwa sauti. Baadaye watu wakaanza kusoma vipande vya michezo ya kuigiza wakiwa na karatasi mkononi, kisha wakaacha karatasi na kuigiza. Walianza na waandishi waliokwisha kujulikana: Oscar Wilde, Tennessee Williams, na hata Jean-Paul Sartre, ambaye kwetu anajulikana na kila aliyesoma Kifaransa katika shule za sekondari. Wengi wa waigizaji hao walikuwa vijana waliokataliwa kwingine. Mmoja wao, mwanzoni mwa miaka ya 1960, aliitwa Al Pacino, na hakuna aliyejua kwamba siku moja uso wake utaonekana katika sinema za dunia nzima.

Chumba chenyewe kilikuwa chembamba kama korido. Katikati ya meza za wateja kulikuwa na jukwaa la kama mita mbili na nusu kila upande, lililotengenezwa kwa masanduku ya kubebea chupa za maziwa na vipande vya zulia la zamani. Mara nyingine halikuwekwa hata hilo, mwigizaji akapita tu kati ya vikombe. Kuta zilijaa picha, matangazo ya zamani, nyota za karatasi zenye kung'aa na taa za Noeli ambazo hazikushushwa Noeli ilipokwisha. Pombe haikuuzwa. Waigizaji hawakulipwa mshahara; baada ya mchezo kikapu kilipitishwa kati ya meza, na kilichoingia ndicho walichogawana. Kwa kawaida mchezo ulionyeshwa mara mbili kwa usiku, na mwisho wa juma mara tatu.

Kabla ya kila mchezo Cino mwenyewe alisimama jukwaani, mnene, amevaa mavazi ya rangi kali, akatangaza jina la mchezo na kuwatakia watu usiku mwema kama kasisi anayefungua misa. Na kama hakukuwa na mteja hata mmoja? Kulikuwa na amri moja tu: mchezo uchezwe. Waigizaji walicheza kwa ajili ya chumba chenyewe, na Cino akawa mtazamaji wao.

Fundi aliyetengeneza taa za jukwaa alikuwa Johnny Dodd, mmoja wa mafundi wa taa walioheshimiwa sana baadaye mjini New York. Umeme uliletwa na Jon Torrey, fundi umeme, mpenzi wa Joe Cino. Wote waliofanya kazi pale wanasimulia jambo lilelile: Torrey aliunganisha waya moja kwa moja na umeme wa mji, bila kupita kwenye mita. Wasomaji wa miji yetu hawahitaji kuelezwa jinsi kazi hiyo inavyofanyika, wala hatari yake. Taa nzuri za Caffe Cino, zilizosifiwa na wakosoaji wa magazeti, ziliwaka kwa umeme usiolipiwa.

Alikuwa hasomi michezo

Namna Cino alivyochagua michezo iliwashangaza wote waliozoea teatri za kawaida. Kwa kawaida mwandishi hupeleka kazi yake, msomaji huisoma, mkurugenzi huipima, mhasibu hupiga hesabu, na mwisho mwandishi hujibiwa hapana. Cino mara nyingi hakusoma chochote. Alimtazama mwandishi machoni, akamuuliza nyota yake ya kuzaliwa, akafungua daftari na kumpa tarehe. Kama tarehe ilikuwa baada ya juma tatu, mwandishi alijua kwamba ana juma tatu za kutafuta waigizaji, viti na kabati la kuazima.

Wapo wanaodhani huo ulikuwa uvivu. Inawezekana kulikuwa na uvivu kidogo ndani yake, pamoja na imani yake katika nyota. Lakini matokeo yake yalikuwa haya: kwa kuwa hakuna mtu aliyesoma mchezo kabla, hakuna mtu aliyeweza kumwambia mwandishi aondoe mhusika fulani kwa sababu anaaibisha au anavunja sheria. Michezo mingi ilikuwa mibaya, na waliokuwapo hawalifichi hilo. Lakini ile mizuri isingezaliwa mahali pengine.

Wa kwanza kuitumia nafasi hiyo kwa ukamilifu alikuwa Doric Wilson, kijana kutoka magharibi ya Marekani. Mwaka 1961 michezo yake minne ilionyeshwa pale. Mmoja ulikuwa wa kuchekesha juu ya Adamu na Eva, na ulivuta watu wengi kiasi kwamba kuanzia hapo Caffe Cino ikajulikana kuwa mahali pa michezo mipya, si tena ya kurudiarudia ya wengine. Mchezo wake mwingine, "Now She Dances!", ulirudi kwenye kesi ya Oscar Wilde, mwandishi aliyehukumiwa kifungo cha miaka miwili na kazi ngumu huko London mwaka 1895 kwa sababu ya mapenzi yake na wanaume. Wilson aliugeuza msiba huo kuwa kicheko chenye meno. Wakati huo, kuzungumzia kesi hiyo hadharani kwa kumtetea mfungwa ilikuwa kitu ambacho kumbi kubwa zilikiogopa.

Mwaka uliofuata akaja Lanford Wilson, asiye na undugu na Doric licha ya jina. Alizaliwa Missouri, akakaa Chicago, kisha akafika New York bila kujua aanzie wapi. Usiku mmoja aliingia Caffe Cino na kukuta wanacheza "La Leçon" ya Eugène Ionesco, mchezo wa mwalimu na mwanafunzi wake ambao wanafunzi wetu wengi wanaujua kwa Kifaransa. Alitoka akiwa mtu mwingine. Mchezo wake wa kwanza, "So Long at the Fair", ulionyeshwa hapohapo katika majira ya joto ya mwaka 1963, mwezi wa nane, wakati matajiri wa New York wanapokimbilia baharini na kuwaachia mji wale wasio na uwezo wa kuondoka.

Mwanaume mmoja chumbani

Mwezi wa tano mwaka 1964 Lanford Wilson alileta mchezo ulioitwa "The Madness of Lady Bright". Wakati huo alikuwa akifanya kazi katika hoteli moja kubwa ya New York, na mfano wa mhusika wake aliupata kwa mfanyakazi mwenzake wa pale.

Hadithi yenyewe ni ndogo. Mwanaume wa miaka karibu 40, ambaye alikuwa akivaa mavazi ya kike na kujiona malkia wa usiku, yuko peke yake chumbani siku ya joto kali. Anapiga simu, hakuna anayejibu. Ukutani kuna majina ya wanaume wote waliopita kitandani mwake, kila mmoja ameandika la kwake kwa mkono. Anayasoma jina baada ya jina, sauti za kumbukumbu zinamjibu, na pole pole akili yake inaanza kumponyoka. Hakuna polisi ndani ya mchezo, hakuna mhubiri, hakuna daktari wa kumponya. Kuna mtu, joto, simu na upweke.

Kabla ya hapo, mhusika wa namna hiyo alipojitokeza katika teatri za Marekani, mara nyingi alikuwa kichekesho cha kupita, au mgonjwa, au mtu wa kujiua kabla pazia halijafungwa ili watazamaji warudi nyumbani wametulia. Wilson alimpa nafasi nzima ya kuongea, na watazamaji waliokaa umbali wa mkono kutoka kwake hawakuwa na mahali pa kugeuza macho. Mwigizaji Neil Flanagan aliubeba mchezo huo kwa usiku mwingi sana: ukihesabu pamoja na mara uliporudishwa, ulionyeshwa zaidi ya mara 200. Kwa mkahawa uliozoea kubadilisha mchezo kila baada ya juma moja au mbili, hicho kilikuwa kitu kisichowahi kuonekana. Watu walioingia kwa udadisi wa kumcheka mwanaume mwenye rangi za midomo walikaa kimya hadi mwisho.

Isidhaniwe kwamba Cino hakumkataa mtu kamwe. Robert Patrick alikuwa ameingia mkahawani mwaka 1961 akiwa njiani kurudi kwao New Mexico, na hakuondoka tena; alikaa akifanya kila kazi, mlangoni, mezani, jukwaani. Mwaka 1964 alipomletea Cino mchezo wake wa kwanza, "The Haunted Host", Cino, kama Patrick mwenyewe alivyosimulia baadaye, aliutupa kwenye pipa la takataka. Inaonekana alitaka kumkinga kijana aliyempenda na taabu za uandishi. Lanford Wilson na waandishi wengine wakaingilia kati, wakasema kwamba mchezo wa Patrick usipopewa tarehe, wao pia hawataleta tena michezo yao. Cino akasalimu amri.

Wenzake walikuwa na haki. "The Haunted Host" ni habari ya mwandishi anayependa wanaume, anayeishi na mzimu wa mpenzi wake aliyejiua, na anayetembelewa na kijana anayefanana na marehemu. Mwenye nyumba huyo ni mwerevu kuliko wote, anacheka, anajitetea, na mwisho yeye ndiye anayebaki amesimama. Kwa mwaka 1964, mhusika kama huyo alikuwa kitu kipya kabisa.

Polisi, matangazo na moto

Hatari haikutoka kwa sheria ya kufuli peke yake. Kwa macho ya serikali ya mji, Caffe Cino haikuwa teatri, ilikuwa mahali pa kuuzia kahawa na keki. Kuonyesha michezo kulihitaji kibali cha namna nyingine, chenye masharti ambayo chumba kile kisingeyatimiza hata kwa miujiza. Chama cha waigizaji nacho kilikataza wanachama wake kucheza bila mshahara. Hivyo faini zilikuja, polisi walikuja, na marafiki wa Cino wanasimulia kwamba baadhi yao hawakuondoka mikono mitupu.

Mchoraji Kenny Burgess alipata njia yake ya kupambana. Matangazo aliyotundika dirishani aliyachora kwa herufi zilizopindapinda na kuchanganyika na maua na mistari, kiasi kwamba askari anayepita angeona picha nzuri tu, huku mteja anayejua akisoma jina la mchezo na saa ya kuanza.

Mapema mwezi wa tatu mwaka 1965, siku ya Jumatano ya Majivu, moto uliunguza mkahawa wote. Rasmi ilisemwa kuwa ni gesi iliyovuja, lakini minong'ono mingine haikukosekana. Kwa kawaida hapo ndipo hadithi ya biashara ndogo inapoisha. Lakini waandishi na waigizaji waliandaa michezo ya kuchangisha pesa. Ellen Stewart, mwanamke mweusi aliyeanzisha teatri ya La MaMa na ambaye mtu angemdhania kuwa mshindani, aliwafungulia ukumbi wake baadhi ya siku za juma ili kazi za Cino ziendelee. Mwaka huohuo teatri hizo mbili zilipewa kwa pamoja tuzo maalum ya Obie, iliyokuwa ikitolewa na gazeti la Village Voice, kwa kuwafungulia njia waandishi wapya. Mwezi wa tano, Caffe Cino ilifungua tena milango.

Mafanikio yaliyoleta taabu

Majira ya joto ya mwaka 1966 yalikuwa ya shangwe. Mwezi wa tano ulianza mchezo mdogo wa muziki, "Dames at Sea", uliotania kwa upendo sinema za zamani za wasichana wanaocheza dansi kwenye meli. Msichana mkuu aliigizwa na Bernadette Peters, wa miaka 18, ambaye baadaye alikuwa mmoja wa nyota wakubwa wa Broadway. Mchezo ulitarajiwa kukaa muda mfupi. Ulikaa zaidi ya mara 140. Foleni ilijaa barabara ya Cornelia na watu waliokuja kwa teksi.

Lakini mchezo mmoja ukikalia jukwaa kwa miezi, waandishi kumi wanakosa tarehe. Pamoja na wateja wapya kulikuja pia watu wa aina nyingine, wakiwemo wafuasi wa mchoraji Andy Warhol, na vidonge vya kumfanya mtu akeshe bila usingizi vikatapakaa. Cino, ambaye kwa miaka alikuwa amelala saa chache tu, alivizoea. Marafiki waliona anabadilika: hasira za ghafla, siku bila kula, maneno yasiyofuatana. Wengine walijaribu kumshika. Wengine walikuwa katika hali ileile, na mtu anayezama hawezi kumvuta mwenzake.

Tarehe 5 mwezi wa kwanza mwaka 1967, Jon Torrey alikufa kwa kupigwa na umeme huko New Hampshire, alikokuwa akifanya kazi katika teatri. Uhusiano wao ulikuwa wa ugomvi na kuachana na kurudiana, lakini waliomjua Cino wanasema hakupona kutoka siku hiyo. Kuna waliotilia shaka kama ilikuwa ajali tupu, na shaka hiyo ilimtafuna.

Mwisho wa mwezi wa tatu, alfajiri, akiwa peke yake ndani ya mkahawa, Joe Cino alijijeruhi vibaya kwa kisu. Alikimbizwa katika hospitali ya St. Vincent's, iliyokuwa jirani. Habari zilipoenea, watu wa Greenwich Village walijipanga kutoa damu: waigizaji, waandishi, wateja ambao hawakuwahi kumsemesha zaidi ya kuagiza kahawa. Kwa siku moja au mbili ilionekana kama ataishi. Aliaga dunia tarehe 2 mwezi wa nne. Marafiki wanasema hiyo ndiyo ingekuwa siku ya kuzaliwa ya Torrey.

Ibada ya kumkumbuka ilifanyika katika kanisa la Judson Memorial, kanisa la Kiprotestanti la mtaa huo ambalo nalo lilikuwa na teatri yake ndani. Mtu aliyekuwa amewapa wengine kimbilio kwa miaka minane hakuwa na kimbilio lake mwenyewe. Chumba chake kilikuwa kazi yake, kitanda chake na mateso yake. Ni vigumu kusoma habari za mwaka wake wa mwisho bila kujiuliza kama kuna mtu mmoja aliyewahi kumpa yeye tarehe ya kupumzika.

Baada yake

Rafiki zake walijaribu kuendelea, kwanza Charles Stanley, kisha Michael Smith, mkosoaji wa Village Voice, pamoja na Wolfgang Zuckermann. Haikuwezekana. Bila Cino wa kutabasamu na polisi, faini zilirundikana. Mkahawa ulifungwa mwezi wa tatu mwaka 1968. Mwezi mmoja baadaye, katika teatri nyingine ya mji huohuo, ulianza "The Boys in the Band" wa Mart Crowley, ambao Wamarekani wengi bado wanautaja kama mchezo wa kwanza kuwaonyesha wapenzi wa jinsia moja waziwazi. Aliyekaa Cornelia Street mwaka 1964 anajua kwamba si kweli.

Usiku wa tarehe 28 mwezi wa sita mwaka 1969, mwendo wa dakika chache kwa miguu kutoka pale, polisi walivamia baa ya Stonewall na safari hii wateja wakakataa kutawanyika. Doric Wilson alikuwa kati ya waliokuwa barabarani. Mwaka 1974 yeye na wenzake walianzisha TOSOS, teatri iliyojitangaza tangu mwanzo kuwa ya wapenzi wa jinsia moja, na baadaye aliandika "Street Theater", mchezo unaohusu masaa yale kabla ya Stonewall. Lanford Wilson alipata tuzo ya Pulitzer mwaka 1980. William Hoffman, aliyeigiza katika "The Haunted Host" na kuandika michezo yake ya kwanza kwa Cino, aliandika "As Is" mwaka 1985, moja ya michezo ya kwanza kuhusu ukimwi kufika Broadway. "The Haunted Host" nao ulifufuliwa Boston mwaka 1975, na safari hiyo mwenye nyumba aliigizwa na kijana aliyeitwa Harvey Fierstein.

Siku hizi kila majira ya joto yanapofika, teatri ndogo za New York huandaa misimu ya michezo mipya ya wapenzi wa jinsia moja, na nyingine zimefanya hivyo kwa miongo. Tamasha la Hot! la Dixon Place lilianza miaka ya 1990. Hakuna anayetia kufuli mlangoni, ingawa pesa bado ni chache na kikapu bado kinapitishwa.

Jengo la namba 31 liliingizwa katika orodha ya kitaifa ya mahali pa kihistoria mwaka 2017, na mwaka 2019 mji wa New York ukalilinda kwa sheria zake. Serikali ileile ya mji iliyokuwa ikipeleka faini sasa inakataza mtu yeyote kubadilisha sura ya nyumba hiyo bila ruhusa. Juu wanaishi wapangaji. Chini, katika chumba chembamba kama korido, wamekuwa wakiuza chakula.